Siku Tisa za Kasese

Kilima cha Kyondo kilipata alama kumi na mbili kwa mia. Bwana Eriya alizisoma mbele ya umati pale uwanjani Bwera, kwa sauti ya mwalimu anayemtaja mtoto aliyefeli mbele ya darasa zima, halafu akainua macho kutazama kama watu wameona aibu. Watu hawakuona aibu. Walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, na wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wanapata habari kwamba walifanya mtihani.

Mtihani wenyewe ulikuwa tetemeko la ardhi. Jumapili moja ya Machi mwaka 1966, alfajiri, ardhi ilitikisika kuanzia Kongo hadi ng'ambo ya milima, nyumba zikalala chini na watu wakazikwa. Baadaye ikaundwa Kamati ya Tetemeko, ikapewa chumba mjini Kasese, na Bwana Eriya akawa karani wake. Kazi yake ilikuwa kupita kila mahali na kuandika nani alijimudu vizuri na nani alishindwa. Mtu mwingine angepita akiuliza nani hana chakula. Yeye alipita na rula.

"Ya kwanza," alisoma, "ni kambi ya polisi, Kasese. Alama themanini na tano. Nyumba zote zimesimama kwa siku tisa tu. Hii ni mfano mwema, inapewa barua ya pongezi. Wale wa katikati watapewa blanketi na mabati. Ya mwisho ni Kyondo. Wiki saba sasa, nyumba bado. Sababu: uvivu na ubishi."

Alikohoa kidogo, akageuza karatasi. Wale wa mwisho, alisema, wameonyesha kwamba hawawezi kujitunza mlimani. Kwa hiyo watahamishwa, wapelekwe bondeni Mubuku, kwenye mashamba ya kukodi yanayomwagiliwa maji ya mfereji. Ijumaa ijayo kila mwenye nyumba aje kuweka dole gumba.

Alisi alikuwa amesimama mstari wa tatu, akajificha nyuma ya mgongo wa aliyekuwa mbele yake. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyepalilia kahawa tangu utoto. Kahawa za shambani mwake alizipanda na marehemu mumewe, Tsongo, na Tsongo mwenyewe alizikwa shambani hapo, upande wa juu wa miche ya kwanza. Tangu Machi kulikuwa na kaburi jipya kando ya lile, la wifi yake Rusi, ambaye ukuta ulimwangukia akiwa bado kitandani. Kuhamia Mubuku maana yake kuwaacha hao wawili na kwenda kulima shamba la kukodi. Lakini hilo silo lililomfanya ajifiche. Alijificha kwa sababu alijua alama kumi na mbili zilitoka wapi. Zilitoka kinywani mwake.

Kyondo hujengwa kuanzia juu. Jambo hili halijaandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuona haja ya kuliandika. Mlima ukitikisika, anayejenga chini kabla juu hakujatulizwa anajijengea kaburi na kuliezeka kwa mikono yake. Basi wote hupanda kileleni kwanza. Huteremsha mawe yaliyolegea, moja moja, kwa kamba. Huchimba mitaro ya kukata maji. Hupanda matete kukatisha mteremko. Ndipo huijenga nyumba ya aliye juu kuliko wote, kisha ya anayemfuata, hivyo hivyo mpaka barabarani, na hakuna anayeruka zamu hata awe na jamaa ofisini. Mwaka huo msimamizi wa kazi alikuwa shemeji yake Alisi, Kathembo, mtu mwenye mguu mbovu na mdomo mzima, aliyekaa juu ya jiwe tangu kuche akiwatukana wote kwa usawa.

Nyumba ya Alisi ndiyo ya chini kabisa, kando ya barabara. Kwa hiyo kwa wiki zote hizo alibeba mawe ya wenzake, akakanyaga udongo wa wenzake, na jioni akateremka kulala kwenye kibanda cha migomba. Siku ya ishirini tangu tetemeko, gari la Kamati lilisimama mbele ya kibanda hicho. Tangu waasi wa mlimani waanze kupigana na serikali miaka ile, watu wa ofisi hawakupenda kupanda juu, na Bwana Eriya alikuwa mtu anayeipenda ngozi yake. Alishusha kioo nusu.

"Mama, umeanza kujenga?"

"Bado. Zamu yangu haijafika."

Aliandika "bado". Hakuuliza zamu gani. Alipandisha kioo, gari likaondoka, na nyumba sita zilizokuwa zimekwisha kusimama kule juu kwenye ukungu hazikuonekana na mtu.

Njiani kurudi kutoka Bwera hakuna aliyetembea karibu na Alisi isipokuwa Kathembo, naye alitembea karibu ili amfokee vizuri.

"Shemeji, ule mutu alikuuliza, weye ukasema 'bado'? Tu?"

"Aliniuliza ya kwangu, nikamujibu ya kwangu."

"Na kichwa yako ilishindwa kuinuka? Kidole yako ilishindwa kumuonesha kule juu? Sasa batu bote bataenda kulala na mbu wa Mubuku sababu ya bado yako!"

Alisi alizidisha mwendo. Ukweli ni kwamba alikuwa akijiuliza hilohilo, na kwa maneno makali kuliko ya Kathembo. Lakini kadiri alivyopanda, aibu ilianza kugeuka hasira, na hasira ikatafuta mtu wa kumwangukia. Ikawapata wale wa kwanza. Watu gani hao wanaosimamisha kambi nzima kwa siku tisa? Watu wa mshahara. Watu wanaoletewa posho hadi mlangoni, wanaolishwa kama kuku wa kizungu, na bado wanapewa barua ya kupongezwa. Alisema moyoni: kama ni kupimana, basi nami nikapime.

Jumatano alipanda basi. Tangu Bwera hadi Muhokya alipanga matusi yake kwa utaratibu, madogo mbele na makubwa nyuma, na alipoteremka Kasese, jua likiwaka, alikuwa tayari. Kambi ilikuwa ndogo, kando ya reli. Aliona mistari miwili ya vibanda vya mabati matupu vinavyong'aa hadi macho yauma. Mbele ya kimoja mwanamke mrefu, mwembamba, alikuwa akianika kaptura za kaki. Alikuwa Lakot, mke wa Sajini Onen, mzaliwa wa kaskazini kabisa, huko Acholi. Alisi hakupiga hodi.

"Nyie ndiyo beko ba kwanza? Ba siku tisa?"

Lakot alimtazama kuanzia kitambaa hadi miguuni. "Wewe nani?"

"Miye mutu wa Kyondo. Mutu wa mwisho. Nimekuya kuona batu ba themanini na tano benye kupongezwa."

Alisi alingoja agombezwe. Alitaka kugombezwa, matusi yake yote yalikuwa bado mabichi. Lakot alitikisa maji mikononi, akaufungua mlango wa kibanda chake.

"Ingia basi. Ona hiyo ya kwanza."

Alisi aliingia, akatoka haraka kuliko alivyoingia. Mle ndani hata hewa ilikuwa imeiva. Palikuwa na kitanda kimoja, masanduku mawili na ukuta usioshikika kwa mkono.

"Mchana inatupika," Lakot alisema. "Alfajiri inatoa maji, inanyesha ndani juu ya watoto. Ile ya zamani ilikuwa matofali. Ilianguka yote."

"Lakini mulijenga kwa siku tisa."

"Nani anajenga? Sisi hapana gusa hata msumari moja. Lori ilikuja na mabati, na watu yake, na nyundo yake. Hiyo tisa ni siku ya lori. Na lori yenyewe ilikuja siku ya ishirini na sita."

Alisi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Siku ishirini na sita sisi nalala pale." Lakot alionyesha kwa kidevu uwanja ulio karibu na vyoo. "Turubai moja, familia kumi na nne. Tunasema, hii matofali imeanguka, tuchukue, tujenge hata jiko. Wanasema hapana, ni mali ya serikali, mtu asiguse, mkaguzi anakuja. Onen alichukua matofali tatu ya kuweka sufuria. Wakamfungia siku mbili. Sajini mzima, kwa matofali tatu."

"Na mulikula nini?"

"Posho, ikifika. Nyinyi?"

"Muhogo. Ndizi. Maharagwe yetu." Alisi alisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa na shibe, akaona haya.

"Unaona. Wewe iko shamba. Wewe iko ndugu. Hapa kila mtu anatoka kwao mbali." Lakot aliteremsha sauti, akatazama kibanda cha jirani ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa mchana kweupe. "Huyu Nabirye ni Musoga. Mtoto yake ilikufa chini ya turubai, wiki ya tatu, kifua. Yeye analia kwa Kisoga, mimi nimekaa hapo karibu, sijui hata neno moja ya kumjibu. Kwa ile karatasi ya alama, mtoto ya Nabirye iko wapi? Inapata alama ngapi?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Alisi alikuwa amepanda basi mwendo mzima akiudharau mzigo asiouinua. Aliona aibu, akasema wazi kwamba anaona aibu, jambo ambalo kwake halikuwa rahisi. Kisha akahesabu kwa vidole. Siku ya ishirini, gari liliposimama mbele ya kibanda chake cha migomba, mwanamke huyu alikuwa amelala kando ya choo bila ukuta hata mmoja. Siku ileile. Mmoja ameandikwa wa kwanza, mwingine wa mwisho, na kati yao mwenye nyumba hakuwepo.

"Kwa nini hamukusema?"

"Tulisema. Tuliandika barua, tunaomba nyumba ya kweli. Wakajibu: nyinyi ni namba moja, namba moja haitaki msaada. Wakabandika ile pongezi kwa mlango ya ofisi." Lakot alicheka bila furaha. "Nyinyi wanawafukuza kwa kumi na mbili. Sisi wanatuacha humu kwa themanini na tano."

Lakot alianika kaptura zilizobaki. Mwishowe Lakot akasema hawezi kwenda Bwera kusimama mbele ya watu. Akifungua mdomo, Onen atahamishwa kesho yake. Lakini yeye Alisi hana afande.

"Wewe muulize kitu moja tu. Alianza kuhesabu siku gani?"

Ijumaa ilipofika uwanja wa Bwera ulijaa hadi barabarani, maana hata watu wa vilima vya alama za katikati, walioahidiwa mabati na blanketi, walikuja kuvichukua. Bwana Eriya alikuwa na meza, kitambaa cha wino na askari wanne nyuma yake. Aliyewaongoza alikuwa mtu mnene, mwenye tepe tatu mkononi na uso uliofungwa. Jina lake lilipotajwa Alisi alishtuka. Alikuwa Onen.

Bwana Eriya aliita Kyondo, akaanza na nyumba ya barabarani. "Mama Alisi. Wewe ulisema mwenyewe kwamba bado. Njoo, weka dole."

Alisi alisogea hadi mezani, akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Kwanza naomba kuuliza, bwana. Siku ya kwanza ya hesabu yako ilikuwa gani?"

"Siku ya tetemeko. Hiyo inajulikana."

"Kwa siye. Na kwa kambi?"

"Mama, hatukuja hapa kwa masomo."

"Miye ulinipima siku ya ishirini. Ulikuya na gari, ukashusha kioo nusu. Siku ile, kwa kambi, kulikuwa nyumba ngapi?"

Bwana Eriya alipanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa, na kosa lake kubwa la siku hiyo ni kwamba alikuwa na imani na karatasi hizo. Aligeuka nyuma.

"Sajini, wewe unakaa kambini. Mwambie huyu mama, nyumba zilisimama kwa siku ngapi. Amalize ubishi."

Onen alisimama wima. Hakumtazama Alisi wala mtu mwingine. Alitazama paa la duka lililokuwa ng'ambo ya barabara. Alisi hakuwa amemtumia ujumbe, na hakujua kama Lakot alimwambia mumewe lolote. Alimwonea huruma, na wakati huohuo alitamani kumshika kola amtikise.

"Thelathini na tano, afande."

"Nimekuuliza ujenzi, sajini!"

"Ujenzi tisa, afande. Kulala inje ishirini na sita. Jumla thelathini na tano. Siku ya ishirini nyumba ilikuwa sufuri. Mtoto mmoja amekufa."

Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Alitoa taarifa kama anavyotoa kila asubuhi kwenye gwaride. Uwanjani mtu alipiga mluzi. Kathembo, kwenye jiwe alilolipata hata hapo Bwera, alipiga paja lake kwa furaha. Na Alisi, ambaye ulimi ulikuwa umefunguka, akaeleza sasa yale ambayo angeyaeleza siku ile kama angeulizwa: mawe, mitaro, matete, nyumba kumi na tisa zilizosimama kuanzia juu. Akamwambia Bwana Eriya kwamba kama anataka kuupima mlima, apande.

Bwana Eriya hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili kwa shingo upande, lakini ni kweli. Alikuwa mtu wa jedwali, na jedwali lake lilikuwa limechafuka. Alifuta miwani, akafikiri, akafanya alichokiona kuwa haki.

"Vema. Kyondo inaweza kutoka mwisho. Mimi si mtu wa kuonea. Lakini jedwali lina mstari wa mwisho, na mstari hauwezi kukaa wazi. Kama si nyinyi, ni nani? Nyinyi mnajuana. Nitajieni."

Hapo ndipo pabaya. Nyuma yake Alisi alisikia sauti aliyoijua vizuri.

"Andika ba ng'ambo!" Kathembo alipaza. "Bale ba ng'ambo ya bonde! Tetemeko ilipopita bo hapana kujenga, balikaa wiki mbili nzima kuchimba-chimba ovyo. Sisi tuliona!"

Wengine wa Kyondo waliitikia. Walikuwa na chuki ya zamani na watu wa ng'ambo, ya mipaka na mbuzi, na sasa mlango ulikuwa umefunguliwa na serikali yenyewe. Sentensi moja tu, na kahawa ya Alisi ingebaki yake, na makaburi yake pia. Bwana Eriya alishika kalamu akamtazama yeye, si Kathembo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza. Nafsi ya Alisi ilimwambia atikise kichwa tu. Hakuna hata haja ya kusema.

"Shemeji, nyamaza," alisema.

"Lakini siye tuliona!"

"Uliona kutoka wapi? Uliona kutoka ng'ambo, kama huyu alivyoniona kutoka kwa gari. Uliuliza balikuwa banachimba nini?"

Kathembo alikaa tena juu ya jiwe lake. Kutoka upande wa pili wa uwanja mwanamke mmoja alisogea mbele, mzee kidogo kuliko Alisi, mtoto wa mtu mwingine mgongoni. Aliitwa Ketura, na alikuwa wa ng'ambo.

"Maji," alisema. "Chemchemi yetu ilizikwa. Tulichimba siku kumi na tatu, tukaipata. Nyumba bila maji ni ya nini?"

"Umesikia, bwana?" Alisi alimgeukia karani. "Bo balianza na maji. Siye tulianza na mawe. Ba kambi balikatazwa kuanza. Nani wa mwisho hapo? Miye sitaji mutu. Na dole siweki."

Bwana Eriya aliweka kalamu chini taratibu. Alikuwa amekasirika sasa, kwa ile hasira ya mtu aliyetoa upendeleo ukakataliwa.

"Sikilizeni vizuri. Bila wa mwisho, ripoti haipokelewi. Bila ripoti, hakuna blanketi, hakuna mabati, kwa yeyote. Si Kyondo tu. Kwa yeyote! Muulizeni huyu mama wenu kama atawafunika kwa ubishi wake."

Maneno hayo yalimpata Alisi. Hakuwa na haki ya kuwanyima watu blanketi, hilo alilijua, na mvua za Mei zilikuwa hazijaisha. Aliutazama umati, akaona nyuso za watu wa katikati, waliokuja na kamba za kufungia mizigo yao. Kama wangemzomea angewaelewa. Ketura wa ng'ambo, ambaye kilima chake kilikuwa kimeandikiwa blanketi arobaini, alimpandisha mtoto mgongoni, akafunga upya nguo yake.

"Basi na siye utufute," alimwambia karani. "Leo umemukosa wa mwisho Kyondo, kesho utamutafuta kwangu. Blanketi hiyo itaniwasha."

Akaondoka. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikata uwanja kuelekea njia ya kwao, na watu wa ng'ambo wakamfuata, kamba zao mikononi. Kisha kilima kingine. Wapo walionung'unika, wapo waliomlaani Alisi waziwazi, na mzee mmoja alikaa hadi jioni akiomba angalau blanketi moja. Lakini hakuna aliyetaja jina la kilima kingine. Bwana Eriya alibaki na jedwali lenye kichwa bila mkia.

"Mtajuta!" alisema.

"Tumekuwa tukijuta tangu Machi," Alisi alimjibu. "Tumezoea."

Wale wanaopenda hadithi ziishe vizuri wataniwia radhi. Blanketi hazikuja. Juni ilikuwa ya baridi, na kule juu watu wazima walikohoa usiku kucha. Wawili walikufa, na mmoja wao alikuwa mama yake Ketura. Alisi alikwenda matangani ng'ambo ya bonde, akakaa siku nne, akapika na kuchota maji kwenye ile chemchemi, na hakuna aliyemfukuza. Lori la kuwahamisha watu kwenda Mubuku nalo halikuja. Ripoti bila wa mwisho ilikwama ofisini, na huenda panya waliila. Mtu alipomuuliza Alisi kama angerudia, alisema ndiyo. Alisema kwa uchungu, lakini alisema ndiyo.

Lililomnyima usingizi lilikuwa jingine: Onen. Habari zilifika kwamba alivuliwa tepe moja na kuhamishiwa mpakani, kwenye kituo kisichotakiwa na mtu. Alisi alifikiri juu ya Lakot, aliyesema waziwazi anachokiogopa, na jinsi kilivyompata hichohicho.

Siku ya soko mwezi Julai lori la polisi lilisimama Bwera kupoza injini. Juu yake kulikuwa na masanduku mawili, kitanda kilichofunguliwa miguu, beseni, watoto watatu, na Lakot amekaa juu ya godoro lililoviringishwa. Onen alikuwa mbele kwa dereva, akitazama barabara. Alisi aliacha kahawa yake chini, akaenda hadi ubavuni mwa lori. Alikuwa amejiandaa kwa lolote, hata kutemewa mate.

"Mama Lakot. Nimekuponza."

Lakot aliinama, akamshika mkono kutoka juu.

"Walimwambia aandike upya," alisema. "Kwa karatasi, na sahihi. Akaandika thelathini na tano. Wakachana. Wakamwambia andika vizuri, sajini, fikiria watoto. Akaandika thelathini na tano. Wakatoa tepe, wakasema, haya koplo, mara ya mwisho."

Injini ilinguruma. Lakot alicheka, na safari hii macho yake pia yalicheka.

"Mara ya mwisho aliandika kwa maneno, ili mtu asifute namba. Halafu chini yake akaweka jina ya mtoto ya Nabirye."